Mtoto anataka kompyuta ya gemu? Kagua vifaa kabla ya kutuma hela

KIJANA amemaliza kidato cha nne na ameshika orodha: prosesa, ramu, kadi ya grafiki, pawa saplai. Mzazi wa Uyole au Kihesa akiisoma anaona majina tu, kisha anauliza ni shilingi ngapi. Swali la kutangulia ni jingine: je, vifaa hivi vinaingiliana?

Kwa Mbeya na Iringa swali hilo ni zito. Vifaa vingi huagizwa Kariakoo na kupakiwa kwenye basi. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kifaa kikifika kisienee, gharama ya kukirudisha ni yako, tena kama muuzaji atakubali kukipokea.

Njia nafuu ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika, za Dell au HP, kisha kuiongezea kadi ya grafiki. Si wazo baya, ila hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Makasha mengi ya kompyuta hizo ni membamba, na kadi ya kimo cha kawaida haiingii hata ukiisukuma. Pawa saplai zake nyingi ni za wati 180 au 240, na nyaya zake mara nyingi zina vichwa vya kampuni yenyewe, hivyo huwezi kuweka yoyote utakayoikuta dukani. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu. GTX 1650 inaweza kutosheka na kiasi hicho, ingawa baadhi ya matoleo yake yanadai waya wa ziada. RTX 3060 inataka wati 170. Kijana akisema "zote ni NVIDIA tu", mwambie asome wati.

Prosesa nayo hudanganya macho. Intel za kizazi cha 6 na cha 8 zote hukaa kwenye kitako cha ncha 1151, lakini mazabodi ya kizazi cha 6 haikutengenezwa kuwasha prosesa ya kizazi cha 8. Ramu ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3, kwa kuwa mkato wake uko mahali pengine, na ya laptop ni fupi. Kabla ya kutuma hela, muombe muuzaji picha ya lebo ya mazabodi na ya pawa saplai, kisha fundi alinganishe namba. Kumbuka pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai, kwa kawaida, kizazi cha 8 na kuendelea.

Kosa moja halihusu hela tu. Baadhi ya pawa saplai zina swichi ndogo nyuma yenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115, na ukiichomeka hivyo pawa saplai inaweza kulipuka kwa kishindo na moshi. Imulike kwa tochi ya simu kabla ya kuichomeka. Na boksi la pawa saplai lenyewe lisifunguliwe nyumbani, hata waya ukiwa umechomolewa, maana ndani hubaki chaji inayoweza kumpiga mtu shoti.

Kompyuta ikishawaka, iwekwe sebuleni. Kijana wa miaka 14 hadi 17 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na mashine iliyo chumbani kwake itazila saa hizo taratibu.

Baridi ya Juni na Julai ina hatari yake. Anayecheza usiku hufunga dirisha, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani. Hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, na huua mtu akiwa usingizini. Apewe blanketi, jiko libaki nje.