Chumba Kimoja, Kazi Mbili: Ofisi ya Oda na Chumba cha Mgeni



Leo tuongelee kile chumba cha pili. Wengi wetu tunaouza mtandaoni hatuna fremu. Mzigo upo chumbani, meza ipo chumbani, picha tunapigia humo humo. Halafu simu inaita: mama mkwe anakuja mjini kliniki, atakaa wiki tatu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa mama mkwe utampa jembe? Na mteja naye hajui kama una mgeni, anataka mzigo wake leo.

Mimi nauza nguo na viatu vya watoto, na chumba changu ni futi 10 kwa 10. Natumia kanuni moja tu: mgeni akifunga mlango akalala, oda za kesho zisikwame. Mengine yote yanatokea hapo.

1. Pima sakafu kabla ya kununua kitanda
Futi 10 kwa 10 ni futi za mraba 100. Kitanda cha 6 kwa 6 kinakula 36, zaidi ya theluthi ya chumba, kwa ajili ya mgeni anayekuja mara mbili kwa mwaka. Cha 3 na nusu kwa 6 kinakula 21. Meza ya 2 kwa 4 ni 8, rafu ya futi moja na nusu kwa 6 ni 9. Jumla 38, unabaki na 62 za kupita, kufungia mizigo na kufungua mlango bila kugonga kitu. Wakija wawili, godoro la pili linatandikwa chini.

2. Chini ya kitanda ni stoo, ila ya mzigo wa akiba
Mwambie fundi seremala aache kama inchi 12 kutoka sakafuni hadi chini ya chaga. Usizidishe sana, maana ukiweka na godoro la inchi 6 juu yake, mtu mzima atapata shida kupanda. Humo weka ndoo bapa za plastiki zenye mfuniko, na ndani yake vitu visivyotoka kila siku. Mimi naweka sare za shule nikisubiri Januari. Kinachotoka kila siku usikiweke huko. Huwezi kumwinamia mama mkwe usiku eti unatafuta kiatu namba 28.

3. Ofisi iwe ya kubebeka
Hapa ndipo pesa ilipo. Tafuta boksi moja lenye mishikio. Weka selotepu, mkasi, mifuko, futi ya kupimia, kalamu, chaja na daftari la oda. Mgeni akifika, boksi hilo na mzigo unaotoka haraka vinahamia kwenye kona moja ya sebule. Daftari hilo lina namba za simu na mitaa wanakokaa wateja wako, kwa hiyo lisizagae mezani kwa mgeni.

4. Meza ikae ubavuni mwa dirisha
Mwanga wa ubavuni ni mzuri kwa picha na haukuchomi macho ukiandika. Mgeni akija, meza hiyo hiyo inabeba dawa zake, maji na simu. Waya wa ekstensheni usipite chini ya godoro wala zulia, maana ukipata joto hauonekani. Na pasi chomeka moja kwa moja ukutani.

5. Mgeni asilale stoo
Rafu ifunike kwa pazia, iwe juu hadi chini. Mwachie mgeni rafu moja tupu kabisa na misumari miwili ya kutundikia nguo nyuma ya mlango. Kama unauza manukato au vipodozi vyenye harufu kali, vitoe, usiku mzima ni mrefu. Mtu mzima akiona maboksi yamemzunguka anaanza kusema "nawasumbua, nitarudi tu", na kliniki hajamaliza.

6. Sema saa zako mapema
"Mama, saa mbili usiku huwa niko laivu na wateja, nitakuwa sebuleni." Ukisema kwa heshima siku ya kwanza, hakuna atakayenuna siku ya tano.

Kabla mgeni hajafika, fanya jaribio. Funga chumba asubuhi, ufunguo mpe mtu, ufanye kazi siku nzima bila kuingia. Kila utakachokikosa kiandike. Hicho ndicho kinatakiwa kiwe kwenye boksi lako.

Chumba chako kina futi ngapi, na unauza nini? Andika hapo chini tupange pamoja. Na mtumie mwenzako anayesubiri mgeni wiki hii.