Usitupe Kaseti ya Zamani

Je, nyumbani kwako kuna kaseti za zamani? Usizitupe. Huenda moja ina sauti ya babu au bibi ambaye sasa ni marehemu.

Kaseti ilitoka wapi? Zamani ukanda wa kunasa sauti ulizungushwa kwenye magurudumu makubwa. Haukuwa rahisi kubeba. Fundi mmoja wa Uholanzi, Lou Ottens, aliongoza wenzake wa kampuni ya Philips kutafuta kitu kidogo. Alichukua kipande cha mbao kinachoenea katika mfuko wa koti. Hicho kikawa kipimo chao. Mwaka 1963 walionyesha kaseti mjini Berlin, Ujerumani.

Philips iliruhusu makampuni mengine kutengeneza kaseti za namna ile ile bila malipo. Kwa hiyo kaseti ya nchi moja ilichezwa katika redio ya nchi nyingine. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman. Mtu aliweza kusikiliza kaseti huku akitembea.

Kaseti hunasaje sauti? Ndani yake mna ukanda mwembamba wa plastiki. Ukanda huo umepakwa unga laini wa chuma, unaofanana na kutu. Unaponasa sauti, sumaku ndogo iliyomo redioni huacha alama katika unga huo. Unapocheza, alama hizo hugeuka tena kuwa sauti. Ndiyo sababu sumaku kali huweza kufuta maneno yote.

Basi, fanya hivi:

1. Weka kaseti mahali pakavu, penye kivuli. Joto huupinda ukanda. Unyevu huleta ukungu.

2. Usiiweke juu ya spika. Spika ina sumaku.

3. Vunja vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo ukingoni mwa kaseti, upande wa nyuma. Hapo hakuna atakayenasa nyimbo juu ya sauti ya mzee kwa bahati mbaya.

4. Ukanda ukilegea, ingiza penseli katika tundu, uzungushe polepole.

5. Azima redio ya kaseti. Nasa sauti hiyo kwa simu, mahali pasipo kelele. Andika jina la msemaji na mwaka.

Fanya hivyo mapema. Kaseti huchakaa, na redio za kuzichezea zinapungua. Mkulima mwema hali mbegu yake yote, huiwekea akiba. Sauti za wazee wetu nazo ni mbegu. Ajizi ni nyumba ya njaa.