Pedali ya Breki Ikiwa Laini, Usiteremke

Mkulima, umekwisha pakia pikapu yako magunia 20 ya viazi, kila gunia kilo 50. Huo ni mzigo wa tani moja. Unataka kuteremka kutoka Kinangop kwenda Naivasha, na mnunuzi anangoja. Unakanyaga breki, unaona pedali ni laini kuliko jana. Je, uende au ukae? Yafaa ujue kwanza ulaini huo unatoka wapi.

Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa ndani ya mifereji myembamba mpaka kwenye magurudumu, na huko husukuma pedi zishike chuma kinachozunguka. Ili ufahamu vizuri, chukua bomba jipya la sindano, lile la kudungia ng'ombe, bila sindano yake. Lijaze maji, ziba mdomo kwa kidole, kisha sukuma. Halisogei, kwa maana maji hayashindiliki. Sasa acha hewa kidogo ndani, usukume tena. Utaona linaingia na kurudi kama mpira. Hewa ikiingia katika breki hufanya vivyo hivyo: nguvu ya mguu wako huishia katika hewa, wala haifiki kwenye gurudumu.

Kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedali kwa nguvu, uishikilie huku ukihesabu hadi 30. Kisha angalia:

1. Ikiwa inabonyea kama sponji, na inapanda ukiikanyaga mara kadhaa, huenda mna hewa. Fundi aitoe, tena atafute ilikoingilia.

2. Ikiwa inazama polepole chini ya mguu, mafuta yanavuja, au mipira ya ndani ya masta silinda imekwisha. Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu kama kuna unyevu.

3. Ikiwa mafuta katika kikopo chake yamepungua, usiongeze tu na kwenda zako. Ama yanavuja, ama pedi zimelika. Usitie kamwe mafuta ya injini, kwa maana huharibu mipira yote. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Lakini breki iliyo ngumu nyumbani yaweza kuwa laini katikati ya mteremko. Sababu ni hii: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya kufika sentigredi 205; yakisha kunyonya maji, yaweza kuchemka kwenye 140. Ukishikilia breki muda mrefu ukiteremka na mzigo, joto hupanda, mafuta huchemka, na mvuke wake hushindilika kama ile hewa ya bomba. Kwa hiyo badilisha mafuta yote kila miaka 2, au kama kitabu cha gari kisemavyo.

Tena, ingiza gea ndogo kabla ya kuanza kuteremka, ili injini ilizuie gari. Wako madereva wanaotoa gea au kuzima injini ili kuokoa mafuta. Hiyo ni hatari kubwa, maana mzigo wote huachiwa breki peke yake, na injini ikizimwa pedali huwa ngumu kukanyaga.

Pedali ikizama njiani, ikanyage upesi upesi mara nyingi, shusha gea moja moja, na vuta breki ya mkono kidogo kidogo. Ukisimama, usiendelee na safari hata kama pedali imerudi.

Sasa jibu lako liko wazi. Pedali ikiwa laini, shusha magunia na umwite fundi. Mnunuzi atanung'unika, lakini viazi vyaweza kungoja hadi kesho. Gari lisilo na breki mteremkoni halimngoji mtu, wala wewe, wala watoto watokao shuleni kando ya barabara.