Magego Mangapi Yanatosha?

Kwa watafiti wa maumivu ya viungo, Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania, ni majina ya zamani. Homa iliyozuka huko 1952 na 1953, ikawaacha watu wamejikunja kwa maumivu, ndiyo chikungunya. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza mwaka 1955. Kuna kiungo kingine ambacho hakikupata umaarufu huo. Weka kidole mbele ya sikio, ufumbue mdomo taratibu, utakihisi.

Kwanza kichwa cha mfupa wa taya huzunguka papo hapo kama bawaba, kisha huteleza mbele pamoja na kisahani chake. Kisahani kikihama, taya hulia kila ukitafuna. Misuli nayo ikichoshwa na kusaga meno usingizini, maumivu hupanda hadi kwenye panja na sikioni. Wengi hutibiwa sikio zima, au huambiwa ni kipandauso, au, lililo baya zaidi, hung'olewa gego lisilo na kosa.

Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio wa St. Louis, Marekani, aliulaumu upotevu wa magego: taya hufunga kupita kiasi, alisema, na kubana neva. Hofu hiyo iliuza meno mengi ya bandia. Ndipo Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, akadai mwaka 1981 kwamba mtu mzima aliyebaki na meno ya mbele na magego madogo, yaani meno 20, anaweza kuishi vizuri tu.

Jibu zito lilitoka Tanzania. Hapa jino bovu kwa kawaida hung'olewa na pengo likaachwa wazi, kwa hiyo wenye safu fupi ya meno ni rahisi kuwapata. Paulo Sarita, daktari wa meno Mtanzania, na wenzake wa Nijmegen walichunguza watu 725 wa aina hiyo pamoja na 125 wenye safu kamili. Waliangalia maumivu, mlio wa kiungo na upana wa kufumbua mdomo.

Matokeo ya 2003 hayakumuunga mkono Costen: safu fupi peke yake haikuonekana kuleta ugonjwa wa taya. Maumivu na milio vilielekea kuongezeka pale tu upande mmoja, au pande zote mbili, ulipokosa kabisa meno ya nyuma yanayokutana. Utafiti huo ni picha ya wakati mmoja, hauwezi kuthibitisha kipi kilitangulia. Katika kutafuna, waliobakiwa na jozi mbili za magego madogo au pungufu ndio waliotaabika, hasa kwa vyakula vigumu. Ming'oko, viazi vya porini, ikichemshwa hulinda siri ya mtu; korosho ya kukaanga humuumbua.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kliniki ya Masasi ingehesabu jozi zinazokutana badala ya mapengo, na koleo lisite linapofika kwenye magego madogo. Kuyaziba hakuhitaji hata umeme. Njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kujaza saruji ya meno ilianza kujaribiwa na Jo Frencken Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980.