Kwa nini Dakota bado zinaruka?

Ndege aina ya DC-3 iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, huko California. Zaidi ya 10,000 zilitengenezwa, nyingi kwa ajili ya jeshi. Hapa Afrika Mashariki zilitumiwa na East African Airways, na wazee wengi wanazijua kwa jina la Dakota. Chache bado ziko angani hadi leo. Je, zamani walikuwa na madini imara kuliko yetu?

Hapana. Chukua waya, ukunje na kuukunjua mara nyingi. Mwishowe utakatika, ingawa hakuna mkunjo hata mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata. Huo ndio uchovu wa metali. Alumini ya Dakota nayo inachoka, ila inachoka polepole.

Sababu ya kwanza ni hewa. Ndege za leo huruka juu sana, kwa hiyo hewa inasukumwa ndani ili abiria wapumue. Kila safari mwili wa ndege unavimba kidogo, kisha unanywea. Mwaka 1954 ndege 2 za Comet za Uingereza zilipasuka angani kwa uchovu wa namna hiyo. Dakota huruka chini, haijazwi hewa, basi mwili wake hauvimbi. Sababu ya pili ni bawa: ndani lina mihimili kadhaa, hivyo mzigo umegawanywa na haubebwi na mmoja peke yake.

Na kuiendesha? Angani Dakota ni tulivu, na inaweza kutua polepole hata kwenye uwanja wa nyasi. Kazi iko ardhini. Magurudumu makubwa yako mbele, dogo liko mkiani, na uzito mwingi umekaa nyuma ya yale makubwa. Ni kama kurudisha nyuma lori lenye tela: ikipinda kidogo, inataka kupinda zaidi. Rubani lazima aisahihishe mapema kwa miguu, kwenye pedali za usukani wa mkiani, mpaka ndege isimame kabisa.

Sasa, tusidanganyike na umri. Tarehe 19 Desemba 2005, ndege ya Grumman Mallard iliyotengenezwa mwaka 1947 iling'oka bawa la kulia muda mfupi baada ya kuruka kutoka Miami. Watu wote 20 walifariki. Wachunguzi walikuta nyufa za uchovu bawani, ambazo matengenezo hayakuwa yamezigundua na kuzirekebisha ipasavyo.

Ndiyo maana fundi wa ndege kuukuu haridhiki na kuangalia rangi ya nje. Hupima mihimili kwa eksirei au kwa mkondo wa umeme, akitafuta ufa ambao macho hayauoni. Kwa hiyo ukialikwa kupanda Dakota, usiulize tu ina miaka mingapi. Uliza mabawa yake yalikaguliwa lini, na kwa kifaa gani.