KIFAA CHA GPS: CHAGUA KITAKACHOKURUDISHA NYUMBANI

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini je, utarejeaje ikiwa njia yenyewe imekupotea?

Likizo ya Agosti mwaka jana, mimi na binamu yangu tuliteremka ndani ya kasoko ya Menengai, hapo juu ya mji wetu wa Nakuru. Ina ukubwa wa kilomita 12 kwa 8 hivi. Ndani ni mawe meusi ya volkeno na vichaka vya leleshwa, kila upande ukifanana na mwenzake. Wazee husimulia kwamba mizimu huwazungusha watu humo. Sisi tulicheka. Binamu alikuwa na simu yenye ramani, ati hatuwezi kupotea! Saa nane mchana simu ikazima, betri kwisha. Tulihangaika hadi saa kumi na moja, koo zimekauka, ndipo mchungaji mmoja akatuonyesha njia. Nyumbani, Mama hakunigombeza. Alilia tu.

Tangu siku hiyo nimedadisi sana habari za kifaa cha GPS cha kushika mkononi. Kifaa hiki hupokea mawimbi kutoka kwa setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu. Marekani ilirusha ya kwanza mwaka 1978. Kikipata setilaiti nne, hupiga hesabu na kujua ulipo. Hakihitaji mtandao wala krediti. Simu nayo hupokea mawimbi hayo hayo, ila kioo chake hula betri upesi, na usipohifadhi ramani mapema, pasipo mtandao huoni kitu.

Sasa, ukifika dukani utazame nini?

Kwanza, betri. Chagua kinachotumia betri ndogo za kawaida ambazo hata kioski huuza. Zikiisha, unabadilisha na kuendelea na safari.

Pili, kioo kisomeke juani, na vitufe vibonyezeke hata kwa vidole vyenye jasho.

Tatu, kistahimili mvua. Alama ya IPX7 ina maana kwamba hata kikizama mita moja majini kwa nusu saa, hakiharibiki.

Nne, kipokee pia setilaiti za Urusi na za Ulaya. Ukiwa chini ya ukuta wa kasoko, sehemu ya anga imezibwa, hivyo setilaiti nyingi ni faida.

Tano, kikubali kubadilishwa vipimo. Ramani zetu za Survey of Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali kifaa kikitoka dukani hutumia WGS 84. Usipovilinganisha, utakosea kwa mita 300 hivi. Ukingoni mwa Menengai, bwana, mita 300 ni shimo!

Kamera na muziki ni mapambo, usiyalipie. Na kama mfuko haukuruhusu, changeni: kifaa kimoja chatosha kundi zima.

La mwisho ndilo kubwa. Kabla ya kuteremka, hifadhi mahali ulipoanzia. Hata kifaa cha bei ghali hakijui utakako kurudi usipokiambia. Beba betri za akiba, na uache neno nyumbani kuhusu unakokwenda.

Kalamu naitua hapa. Nendeni mkatembee, lakini mrudi. Mama zetu wanangoja.