Mazoezi ya Taratibu na Uvimbe wa Limfu

Msafiri atokaye Bukoba kwenda Dar es Salaam kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 1,300, huteremka viatu vikimbana. Akitembea kidogo, kisha akalala miguu ikiwa imeinuliwa juu ya mto, asubuhi viatu humtosha tena. Wengi huuita uchovu tu. Kumbe ndani yake limo swali zuri la biolojia: maji yaliyojaa miguuni yalisukumwa na nini hata yakaondoka?

Damu husukumwa na moyo. Lakini sehemu ya maji yake hupenya kuta za kapilari na kuingia katikati ya seli. Mengine hukusanywa, pamoja na protini, na vijishipa vyembamba vya limfu. Kwa mtu mzima, lita 2 hadi 4 hivi hurejeshwa katika damu kila siku kwa njia hii. Chura, ambaye wanafunzi humpasua maabara, anayo mioyo midogo ya limfu. Binadamu hana hata mmoja. Kuta za mishipa yetu ya limfu hujikaza zenyewe kidogo kidogo, na kazi iliyosalia hufanywa na misuli na pumzi. Msuli ukijikaza huubana mshipa, na vali zilizomo huizuia limfu isirudi nyuma. Tukivuta pumzi ndefu, kiwambo hushuka, shinikizo la kifua hupungua na la tumbo huongezeka. Basi limfu hupanda katika mfereji mkuu wa kifuani na kumiminika katika vena iliyo chini ya mtulinga wa kushoto.

Njia hii ikiziba, maji na protini hubaki mahali pake, kiungo huvimba, na ngozi hatimaye huwa nene. Katika mikoa ya pwani sababu iliyozoeleka ni minyoo ya matende. Mkoani Kagera hatuna budi kufikiria zaidi magonjwa mengine. Saratani ya Kaposi, iliyoelezwa na tabibu Moritz Kaposi mwaka 1872, ilijulikana katika nchi zetu kabla ya UKIMWI, ikaongezeka sana baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kutambuliwa huku Kagera mwaka 1983. Nayo huweza kuziba mishipa ya limfu ya mguu. Tena yuko mama aliyetibiwa saratani ya titi Bugando, Mwanza, akaondolewa tezi za kwapani, naye sasa amerudi kibanjani na mkono uliovimba.

Mama huyo afanye nini? Zamani aliambiwa asiutumie kabisa mkono huo. Ushauri huo ulikuwa mgumu kwa mtu anayeishi kwa jembe na mkungu wa ndizi, na zaidi ya hayo, uliunyima mkono pampu yake. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa mwaka mmodi juu ya wanawake 141 wenye uvimbe wa namna hiyo. Walionyanyua vyuma chini ya uangalizi, wakianza na uzito mdogo mno, hawakuvimba kuliko wenzao. Hata vipindi vya uvimbe kuzidi vilikuwa vichache kwao.

Kwa asiye na vyuma wala mwalimu wa viungo, tai chi inafaa sana. Ni mazoezi ya Kichina ambayo asili yake ni sanaa ya kupigana, ingawa anayeyatazama angedhani mtu anaogelea hewani. Mtu husimama miguu ikiachana kadiri ya upana wa mabega, magoti yakilegezwa. Huvuta pumzi akiinua mikono polepole hadi usawa wa mabega, kisha huishusha akitoa pumzi, huku uzito wa mwili ukihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Misuli hujikaza na kulegea kwa zamu bila kuchoka, na kiwambo hufanya kazi yake. Uchunguzi uliofanywa hasa juu ya tai chi bado ni mchache na wa watu wachache, lakini mwaka 2005 watafiti wa Australia walionyesha kwamba dakika 10 za kusogeza mkono taratibu pamoja na pumzi ndefu zilipunguza uvimbe mara baada ya zoezi.

Kupunguza si kuponya. Mguu uliovimba pasipo sababu inayojulikana upimwe hospitali kwanza, kwa maana Kaposi haiondolewi kwa mazoezi. Ngozi ioshwe kwa sabuni na ikaushwe, na kibanjani avae viatu, kwa kuwa jeraha dogo la panga au mwiba hufungulia vijidudu mlango. Kiungo kikiwa chekundu, chenye joto na maumivu, au homa ikipanda, mazoezi yaachwe na mgonjwa apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mgonjwa apime mzingo wa mkono kila juma kwa futi ya fundi cherehani, saa ile ile, mahali pale pale, kwa mfano sentimita 10 juu ya kifundo, na aupime pia mkono mzima ili kulinganisha. Tarakimu zikipanda juma hadi juma, apunguze zoezi na kulipeleka daftari lake kliniki.